Maji Yetu, Majani Yao

Nakumbuka kiangazi kimoja, mwanangu, Mwingereza akiwa bado anatawala, ng'ombe wakilia kwa kiu mchana kutwa na watu hawatulii.

Utemi wetu, kaskazini ya Tabora kwenye njia ya zamani ya misafara, ulikuwa umeanza kunenepa. Tulikuwa na lambo kubwa la kunyweshea ng'ombe na mnada wa mifugo, na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya pale bomani, alikuwa hapitishi neno bila kumuuliza mtemi wetu. Mtu akiinuka, unajua shingo inavyokuwa ngumu. Mimi nilikuwa mjumbe wa mtemi, kijana mwenye maneno, nikiamini kwamba mwenye nguvu mpishe.

Jirani zetu wa magharibi walikuwa utemi mdogo, na mtemi wao alikuwa mama mzee. Ng'ombe wao walikunywa lamboni kwetu tangu lilipochimbwa. Sasa nikatumwa nimwambie akubali kuwa chini yetu, la sivyo mifugo yake isikanyage tena pale. Niliwaacha vijana wetu wakinoa mikuki. Kufika kule nikakuta wao nao wananoa yao.

Nilimpigia yule mama makofi, kama ilivyo desturi ya kumwamkia mtemi, nikatoa ujumbe. Hakukasirika. Aliniuliza habari za nyumbani, polepole: majani yapo? Wachungaji wanaelewana? Nikajikuta nimesema kweli, kwamba malisho yamekwisha, wachungaji wanapigana, na wanyampara, wale wazee wa baraza, wanamsonga mtemi awe mkali kwa jirani ili watu wake wasahau shida zao.

Ndipo akasema, "Basi, mjukuu wangu, aliyekutuma si nguvu. Ni njaa yenu na woga wenu. Mwambie mwenzangu, Mzungu wa bomani ataondoka siku moja, mimi na yeye tutabaki tunatazamana. Yeye ana maji, mimi nina mbuga ya majani. Aje mwenyewe."

Mjumbe hauawi, lakini hufukuzwa. Nilirudi hivyo hivyo. Nilieleza yote mbele ya wanyampara, na mmoja wao akaniita msaliti. Mtemi akaniuliza, "Amesema majani yapo?"

Kesho yake alikwenda kwa miguu, bila mkuki. Ng'ombe wetu wakala kwao, wa kwao wakanywa kwetu, mpaka mvua ikanyesha. Yule mnyampara hakuitikia tena shikamoo yangu hadi anazikwa.

Leo nasikia nchi yetu inakua, na ninyi vijana mnataka majirani watutii. Mwanangu, taifa husema nje kadiri linavyougua ndani. Kabla hamjatuma mjumbe, jiulizeni mnaogopa nini, mmekosa nini nyumbani, na jirani ana nini msichokuwa nacho. Rafiki wa ng'ambo msimwegemee mno, fimbo ya mbali haiui nyoka. Na jirani hahamishwi: ukimdhalilisha leo, kesho utamkuta pale pale, yeye na watoto wake.

Mungu awape nguvu, mwanangu, ila awatangulizie masikio.