Gelasi Aliyejitoa Kwenye Machela

Gelasi Barampama alinunua pikipiki, na pikipiki ikamvimbisha kichwa. Kilimani kwao, huko Burundi, mgonjwa hubebwa kwa machela hadi zahanati ya bondeni: wanaume wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma wakisubiri zamu. Kila nyumba hutoa mtu. Gelasi akajitoa.

"Kubebana kama magunia ya mihogo, siku hizi? Mimi nina injini!"

Siku jirani yake Bonifasi na wenzake walipokuwa wanateremka na mama yake Bonifasi kwenye machela, Gelasi aliwapita akipiga honi, akawaachia vumbi. Vumbi lote kwa mama wa watu! Hata kugeuka hakugeuka.

Basi mafuta yakaadimika nchi nzima. Basi la bondeni likasimama, pikipiki ikawa ya kulalia kuku. Ndipo uchungu ukamshika mkewe, Daforoza, asubuhi, mtoto amekaa vibaya na damu haikatiki. Mkunga jirani akatoka nje.

"Baba, mimi nimeshindwa. Ita watu."

Kuita watu! Kwao mwenye mgonjwa hupanda juu ya mwinuko akapaza sauti mwenyewe, hatumi mtu. Gelasi alipanda, akasimama pale. Angewaita kwa uso gani? Ndani Daforoza akapiga ukelele, na aibu yote ikamtoka.

"Jamani, nisaidieni! Mke wangu anakufa!"

Akaita tena na tena mpaka sauti ikamkauka, akaketi chini akalia. Hawatakuja, na ni haki yao.

Wa kwanza kutokea migombani alikuwa Bonifasi, machela begani, wenzake nyuma yake. Hakumsalimu.

"Shemeji yuko wapi?"

Walipomlaza, Gelasi alidaka mpini wa mbele. Hawakufika mbali. Wabebaji hupiga hatua kwa pamoja, na yeye hatua hiyo alishaisahau. Machela ikayumba, Daforoza akapiga yowe.

"Toka!" Bonifasi alifoka. "Unamuumiza."

"Niache nimbebe, ndugu yangu, ni mke wangu!"

"Ungejifunza siku ya mama yangu. Toka bwana, tunachelewa!"

Akatoka. Akakimbia kando yao mikono mitupu, akimsikiliza mkewe akilia, akinyamaza, kila akinyamaza anakawia zaidi kulia tena. Maskini Gelasi, alitamani kufa yeye.

Waliwahi kwa bahati tu. Jioni ilikuwa haijaingia mtoto alipolia, kwa unyonge, lakini alilia. Na Daforoza akafumbua macho. Muuguzi akamtuma Gelasi nyumbani akalete nguo na uji.

Nje Bonifasi alikuwa anamsubiri na machela.

"Kamata mbele. Mguu wa kulia kwanza."

Wakaanza kupanda. Gelasi alijikwaa, akakosea, akarekebishwa, mpaka hatua ikakubali.

"Nyepesi, eh?" Bonifasi alisema nyuma yake.

"Nyepesi."

"Ni kwa sababu inarudi tupu. Siku ile, mama tulimrudisha nayo, amefunikwa uso."

Gelasi alikaza mpini begani, akaendelea kupanda.