Mizani Isiyojua Kunyamaza

Muuza nyama wa mtaa wetu tulimwita Nyongeza, maana ukishalipa alikutupia kipande cha juu, "cha paka," hata kama paka huna. Alikuwa mwizi, tusifichane. Chini ya sahani ya mizani yake ya zamani kulikuwa na kijiwe, na wenye vitambi walikilipia kijiwe hicho kila wiki kana kwamba ni maini. Lakini mwenye shida akija kununua robo, Nyongeza aliifunga kwa magazeti mengi, akapaza sauti: "Kilo ya mama hiyo!" Mama anatoka kifua mbele.

Ndipo wahunzi wa uchawi wakaleta mizani inayosema. Unaweka kitu, inakitaja na kutangaza uzito wake kwa sauti ya mpiga mnada. Haihongeki. Ugomvi wa sokoni ukafa. Wauza unga waliozoea kuchanganya mchanga wakaamua kuuza mchanga mtupu. Wanene wakaipita kwa mbali. Nyongeza, aliyechoka kuitwa mwizi mbele ya mkewe, akawa wa kwanza mtaani kuinunua, na siku hiyo alitembea kama aliyetawazwa.

Jumamosi iliyofuata foleni ilifika barabarani. Akaja mama mkwe wake, gauni limepigwa pasi hadi kola. Sisi tulijua tu kwamba binti yake ameolewa na bucha zima. Tulidhani kwake nyama inaozea sufuriani. Kumbe cha bure hakubali. Alishasema hakuoza binti ili alishwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nipe kama kawaida."

Kawaida yake ilikuwa robo. Nyongeza akaikata, akaiweka kwenye sahani, jasho linamtoka. Akaegemeza kidole gumba pembeni, akakandamiza taratibu, akiomba itoke walau kilo.

"Robo ya nyama!" mizani ikanguruma. "Na kidole gumba cha muuzaji!"

Foleni ilivunjika mbavu.

"Mama, chukua na kidole, kitatia mchuzi ladha!" akadakia fundi viatu.

"Huyo mkwe au chui? Mama mzima anapewa robo!" ikasema sauti nyingine kutoka nyuma.

Mama hakugeuka. "Kitoe kidole, baba," alisema polepole. "Robo inanitosha."

Alilipa, akapita katikati yetu. Kicheko kikakatika ghafla; kila mtu akawa anatafuta kitu mfukoni mwake. Fundi viatu alijifanya anakohoa.

Nyongeza alifunga bucha kabla ya mchana. Kilichofuata tulisimuliwa na mkewe, naye hakutusimulia kwa furaha. Nyongeza alijaza mfuko nyama bila kupima, akaenda kwa mama mkwe, akasimama mlangoni kama mdaiwa.

"Nilitaka kukusitiri, mama."

"Najua. Ungeniacha na robo yangu, wangesema mama huyu hali nyama sana, basi. Kidole chako ndicho kilichowaambia kuna aibu."

Mama akamwelekeza kwenye kiti, akaingia jikoni, akarudi na sahani. Robo yote ilikuwa humo, imeiva vizuri. Hakujibakizia hata kipande.

"Mgeni haondoki na njaa. Kula."

Akala. Mama alikaa mbele yake, mikono mapajani, mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akamfungulia mlango, akamkabidhi mfuko wake kama alivyokuja nao.