Mwenye Nyumba Anakaa Wapi

Mukandutiye alikuwa na vyumba vinne vya kupangisha pale Mbugangari, hatua chache kutoka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Goma, na kwa miaka mitano aliamini kwamba hakuna mpangaji hata mmoja aliyejua ni vyake. Kwao alikuwa mama wa kukusanya kodi, basi. Mwenye nyumba, aliwaambia, ni mama mmoja wa Goma, mtu mgumu, hapendi kusumbuliwa. Mpangaji akiomba ukuta upakwe rangi, Mukandutiye alitikisa kichwa kwa huruma na kusema, "Nitamuuliza." Mwezi uliofuata alirudi na jibu: "Amekataa." Na kwa kuwa aliyekataa hakuwa yeye, walimpa kiti na kumpa pole.

Usimwone mjanja. Alikuwa amechoka tu.

Zamani yeye na mumewe Habimana walikaa Majengo, kipangu kimoja na wapangaji, ua mmoja, milango inatazamana. Mtu akisahau kununua umeme, anagonga kwa Mukandutiye. Akipoteza ufunguo, anagonga. Wanawake wakigombania kamba ya kuanikia nguo, wanagonga wote wawili, kila mmoja na mashahidi wake. Habimana alipolala kitandani mwaka mzima, tumbo limemvimba, waligonga wakaingia hadi chumbani, wakampa mgonjwa pole, kisha wakamgeukia mkewe: "Mama, na ile choo?" Siku Habimana alipofariki, Mukandutiye alikuwa bado anamfunga kidevu kwa kitambaa mlango ulipogongwa. Alidhani ni dada yake. Kumbe ni mpangaji wa chumba cha tatu, ndoo mkononi.

"Mama, maji itarudi saa ngapi?"

Hakumtukana. Alimwambia saa kumi. Kisha akarudi kumaliza kile kitambaa.

Walipokwisha kuondoa kilio, aliuza kipangu cha Majengo, akanunua kingine Mbugangari ambako hakuna aliyemjua, na mwenyewe akahamia Nyamyumba, kwenye kijumba juu ya barabara ya kwenda kwenye chemchemi ya maji ya moto. Mlango mmoja wa bati, ufunguo mmoja. Asubuhi za kwanza alikuwa anashtuka, anasikiliza, hasikii kitu, analala tena. Vile vyumba vinne vilikuwa vya kununulia chumvi na sabuni. Mali yake hasa ilikuwa ule mlango usiogongwa.

Matata yaliletwa na karatasi. Mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa, alipita nyumba kwa nyumba akitaka kila mpangaji awe na mkataba, na ndani ya mkataba liandikwe jina la mwenye nyumba na mahali anapokaa. Habari aliletewa na Claudette wa chumba cha kwanza, yule anayevusha karoti kwenda Goma kila asubuhi.

"Mama, wanataka tuandike mwenye nyumba anakaa wapi."

"Andika Goma."

"Goma wamekataa. Wanataka mutu wa hapa, mwenye wanaweza kuita."

Mukandutiye aliishika kalamu muda mrefu. Aliuona mlango wake wa bati. Akaandika jina la dada yake mkubwa, Mukandori, mjane kama yeye, anayekaa nyuma ya soko. "Ndiye mwenye nyumba," alisema. "Amehama Goma." Kisha akaenda kumweleza dada mwenyewe.

"Sasa mi niseme nini wakikuja?"

"Sema utafikiri."

"Na wakirudi?"

"Sema bado unafikiri."

"Yesu wangu! Na kama mvua inanyesha, niwaache inje?"

"Waache, dada! Mvua haijamuua mpangaji."

Mukandori alisema sawa. Lakini Mukandori ni mtu ambaye hata kuku wa jirani humkaribisha ndani. Tangu watoto wake wahamie Kigali, chupa yake ya chai inakaa mezani kuanzia asubuhi, imejaa, inangoja mtu.

Miezi ikapita kimya. Kodi ilikuja kwa simu, magoti ya Mukandutiye yalikuwa yanauma, akakaa kwake akipalilia maharage. Alisema moyoni kwamba karatasi ile ilikuwa akili kubwa. Mvua zilipokatika ndipo aliposhuka Mbugangari, na alipofika, alikipita kipangu chake mwenyewe kwa kutokitambua.

Chumba cha Sulaiman, fundi cherehani, kilikuwa na dirisha upande wa barabara. Sasa kilikuwa na mlango. Juu ya mlango kibao, mbele ya kibao gauni la bibi harusi linapepea kwenye vumbi. Mukandutiye aliingia uani. Kuta zote zilikuwa kijani, kijani cha ndizi mbichi. Nyuma ya choo kulikuwa na vizimba, na ndani ya vizimba sungura, wakamtazama huku wanatafuna.

"Sulaiman! Dirisha langu... dirisha la watu liko wapi?"

Sulaiman alitoa pini mdomoni. "Karibu, mama. Dirisha iko pale nyuma ya cherehani. Tumeitunza muzuri."

"Nani alikuruhusu?"

"Mwenye nyumba. Alisema fundi bila mlango ni kama kinyozi gizani."

"Na hii rangi?"

"Alichagua yeye," alidakia Claudette, aliyekuwa anaingia na beseni kichwani. "Mi nilitaka bleu. Bon, akasema bleu inaita mbu."

"Na sungura?"

"Ile nyeupe ni yake."

Hapo Mukandutiye aliketi kwenye kizingiti, kizingiti alichokilipia yeye, akasikia sauti yake inapanda hadi kwa majirani.

"Mwenye nyumba ni mimi! Mimi! Si Mukandori!"

Alingoja wapige ukelele. Sulaiman alimtazama Claudette. Claudette alitua beseni polepole, kama mtu anayetua mayai.

"Ee, mama. Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Kama mwenye nyumba ni wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili, ile siku ya mvua kubwa. Ulipanda pikipiki pale barrière kwenda Nyamyumba. Motari mwenye kukubeba ilikuwa Théogène, bwana yangu. Alikuwa na kofia yake na koti ya mvua, hukumutazama hata. Akakushusha kwa mlango, ukafungua na ufunguo yako. Akauliza jirani, 'Huyu mama anapanga kwa nani?' Jirani akacheka: 'Huyu? Huyu iko na kipangu yake Mbugangari.'"

Miaka mitano Mukandutiye amewaficha wapangaji mlango wake, kisha akamlipa mpangaji ampeleke hadi pale pale mlangoni. Halafu akakumbuka jambo jingine.

"Sulaiman. Mwezi wa tatu uliniambia mwenye nyumba ana roho ya jiwe la volkano. Ulikuwa unajua?"

Sulaiman alirudisha pini mdomoni.

"Na hamkuja kwangu." Hakutaka isikike kama lawama, lakini ilisikika hivyo.

"Kuja kufanya nini, mama?" alisema Claudette, bila ubaya wowote. "Kule utasema hapana. Kwa Mukandori tunakunywa chai."

Mukandutiye alienda sokoni kwa miguu, hatua kwa hatua, hasira ikipungua kila anapopumzika, hivi kwamba alipofika kwa dada yake ilikuwa imebaki kidogo tu.

"Nilikuambia useme unafikiri!"

"Nilifikiri," alisema Mukandori. "Nikaona mutu iko na haki."

"Kesho watakuomba wafungue baa."

"Walishaomba." Mukandori aliinamia chupa, akammiminia. "Hiyo nilikataa. Mi si mujinga."

Walikunywa. Mezani kulikuwa na vikombe vinne vilivyooshwa, vimeinamishwa juu ya kitambaa, na Mukandori anaishi peke yake. Aliona mdogo wake anavitazama.

"Gombana na mimi, sawa," alisema. "Lakini usiwaambie wasikuje tena."

Mukandutiye alikitua kikombe. Akiiacha karatasi ilivyo, nyumba ni ya dada. Akiandika kwake, mlango ni wa watu. Uchovu wa kukimbia na uchovu wa kugongewa, aliupima huu na huu, akaona uzito ni ule ule.

Alirudi Mbugangari, akaomba mikataba yote minne, akaketi kwenye kiti cha mteja kwa Sulaiman. Alifuta jina la dada, akaandika lake. Akaandika Nyamyumba, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la sita, na kwa kuwa nyumba yake haina namba, akaongeza: juu ya barabara, mlango wa bati.

"Ruhusa inatoka hapa," alisema, akigonga karatasi kwa kidole. "Chai mtakunywa kule kwa dada. Mlango ubaki, dirisha unilipe. Sungura wahamie mbali na choo. Na mukija kwangu, mugonge mara moja. Nisipoitika, nimelala au nimekufa, na vyote viwili haviamshwi."

"Na rangi?" aliuliza Claudette.

"Rangi ni mbaya. Iache."

Théogène ndiye aliyemrudisha. Mukandutiye alipanda, akafungua mdomo amwelekeze njia, akaufunga. Kijana aliendesha taratibu kwenye mawe, kwa ajili ya magoti yake, na mlangoni alikataa kulipwa. Mukandutiye alimtupia hela mfukoni kwa nguvu. Hakutaka mambo ya undugu.

Siku tatu hazikuwa na mtu. Alilala vibaya zote tatu, sikio liko mlangoni. Siku ya nne, saa mbili asubuhi, bati lililia. Mara moja tu. Akangoja mara ya pili. Haikuja.

Akafungua. Ni Claudette, na fungu la karoti lenye majani yake.

"Maji imekatika?" aliuliza Mukandutiye.

"Maji iko."

"Choo?"

"Iko muzuri."

"Sulaiman amevunja nini?"

"Hajavunja kitu."

Mukandutiye alimtazama mtu asiye na shida, hajui amshike wapi.

"Bon," alisema Claudette, akihamisha karoti mkono mwingine. "Shida iko. Lakini ndogo. Inaweza kungoja uvae viatu."

Mukandutiye alijitazama miguu. Kweli, alikuwa peku, na sakafu ilikuwa ya baridi. Akasogea pembeni ya mlango.

"Ingia basi," alisema. "Chai hakuna."