Mteremko wa Njia ya Kabongo

Shida yangu ilianza mwaka wa 1968, nikiwa na miaka kumi na moja. Baba alikufa, masomo yakaishia pale, na mjomba akanipa kinga, ile baiskeli ya mizigo ambayo hupandi, unaisukuma tu. Nimeleta mihindi Kamina kwa njia ya Kabongo mpaka magoti yakakataa. Kwenye mlima unalia. Kwenye mteremko unalia zaidi, maana mzigo unataka kukupita. Mwenzangu mmoja, mzigo ulimvunja mguu. Mali yangu yote imetoka mule. Hakuna mtu aliyenipa.

Uzeeni nikanunua pikipiki ya miguu mitatu, ya batri. Nzuri, lakini kwa mzigo mzima ilikuwa inazimika njiani. Basi binti yangu wa mwisho akarudi kutoka chuo, Lubumbashi. Kule alisoma magari ya hidrojeni: chombo kimoja kinageuza ile gazi kuwa umeme, polepole, mwendo uleule, na batri inakaa kando kusaidia penye kutaka nguvu. Gari lenyewe hakuligusa hata siku moja. Aliliendesha ndani ya ordinateri, yaani kompyuta, kwa hesabu.

Kamina gazi ile haiko. Pahali pake akafunga grupu ndogo ya esanse, ile jenereta ya petroli, na kisanduku cha kuamua nani afanye kazi saa gani, grupu au batri. Njia yangu yote, kila mlima, aliiingiza mule ndani ya ordinateri.

"Papa, iko tayari."

"Batri ikiungua, weye njo utasukuma kinga. Minyi magoti ilishaisha."

"Nitasukuma. Panda."

Sikuwa natania. Batri nyingine nisingepata. Ningerudi kwenye kinga, na safari hii ingeniua.

Tukaenda njia ya Kabongo, yeye akiendesha, tukapakia mihindi, tukarudi Kamina. Kwenye mlima wa mwisho mshale wa batri ukawa unashuka tu. Grupu ilinguruma sauti ileile, kama vile mlima haiuoni.

"Mama, ongeza grupu!" nikamwambia binti.

"Hapana. Tukiilazimisha itakula esanse bure. Acha batri itoke."

"Itoke mpaka wapi? Tutafika juu na nini?"

"Na nafasi, Papa. Batri ikifika juu imejaa, mteremko tutauweka wapi?"

Nikamwambia mteremko ule nimeushuka maisha yangu yote, haujanipa hata mbegu moja ya mihindi.

"Kwa sababu ulikuwa unaushika na miguu," akasema.

Juu, mshale ulikuwa unagusa nyekundu. Pikipiki ilipoinama kushuka, miguu yangu ikaruka yenyewe chini, nikakamata gunia kwa nyuma.

"Papa, unashika nini?"

"Mzigo!"

"Moteri iko inaushika. Panda, bantu banacheka."

Kweli walikuwa wanacheka. Mama mmoja muuza makala ya kupikia akapaza sauti, akinifanya breki: "Ee mzee, weye njo frein?"

Nikapanda. Tukashuka taratibu, moteri ikivuta nyuma na kurudisha umeme kwenye batri, na mshale ukaanza kupanda wenyewe. Nikaachia gunia. Sokoni tulifika na batri ya kutosha kurudi nyumbani.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye mabati. Shamba la mihindi. Mbuzi. Pikipiki ya miguu mitatu, na batri yake na grupu yake. Magoti mawili mabovu. Kinga bado iko, nyuma ya jikoni. Magurudumu nilishatoa.