Minazi Ishirini na Tatu

Juzi nilishuka Munje, ndugu yangu, nikakuta shamba la babu limezungushiwa ukuta na minazi yote imelazwa. Nikahesabu visiki. Sikutaka kitu cha mtu; nyumba zangu za Ukunda nimezijenga kwa jasho langu, na shule niliiacha darasa la tatu. Ila hesabu ya shamba lile hainitoki.

Ilikuwa minazi ishirini na minne. Babu mzaa mama alipofariki, mwalimu wa chuo cha Kurani aliitwa kugawa mirathi. Aliketi barazani, harufu ya mbaazi za nazi ikitoka jikoni, akapanga vifuu juu ya jamvi. Mjane thumuni yake, mitatu. Wajomba zangu watatu, sita sita. Mama yangu, binti pekee, mitatu. "Alhamdulillahi," akasema, "hakuna uliobaki." Ishirini na nne ina adabu: igawe kwa mbili, tatu, nne, sita, nane, yote inakubali.

Nami, na miaka yangu minane, nikasema, "Ule wa kisimani ni wangu."

Na kweli. Kwetu kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa chini ya mche wa mnazi, na mnazi ule huwa wake. Changu alikizika babu mwenyewe.

Mjomba mkubwa akacheka. "Wako? Haya, ukwee tukuone!"

Nyanya, aliyekuwa edani, akasema nyuma ya pazia: "Ni wake. Marehemu alimpa, na mche niliushika mimi."

Mwalimu akaondoa kifuu kimoja. Basi raha ikaisha. Wajomba wakanikazia macho, kila mmoja akiishikilia sita yake. Nikatoka uani nikaokota kokoto ishirini na tatu. Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, zikabaki mbili. Kwa nne, tatu. Kwa tano, tatu tena. Kwa sita, tano. Kwa saba, mbili. Nikaanza upya, nikidhani mkono wangu ndio mbovu.

Ndani nikamsikia nyanya: "Wapeni kama mlivyosema. Mimi niachieni miwili."

"Umeridhia?" mwalimu akamuuliza mara tatu.

"Nimeridhia."

Hakuna aliyesema, mama, chukua wangu. Hata mimi.

Tangu hapo, mkwezi alipokuja, fungu la nyanya lilikuwa dogo kuliko yote. Mbaazi zake zikawa za maji. Nikimpelekea nazi zangu alizirudisha. "Nazi ya kitovu cha mtu sili, mwanangu. Nitakula umri wako." Akafa na miwili yake.

Mjukuu wangu anayesoma sekondari nilimwuliza: ishirini na tatu haina njia kabisa? Akasema haigawiki, babu, ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikamwambia afanye tena. Akafanya kwa simu. Jibu lile lile.

Kisiki cha kisimani kimekatwa sawa na vingine, hukitambui. Nilisimama pale, mtu mzima wa mvi, nikajiona nimeinama naokota kokoto.