Samaki kwenye Sanduku la Maandazi

Mama aliniazima sanduku lake la kioo la kuuzia maandazi kwa sharti moja: vifaranga vya samaki visipozaliwa kabla shule hazijafunguliwa, linarudi kazini. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Maandazi yakahamia kwenye beseni lililofunikwa kitambaa, na kila jioni mama alinikumbusha kwamba beseni halina hadhi.

Fundi vioo wa Ujiji aliziba pembe kwa silikoni. Hita nilipewa na jirani aliyechoka kufuga samaki. Najua inachekesha: tunaishi Katubuka, ziwa liko pale chini, halafu mimi nawapashia maji samaki wa ziwa hilohilo. Lakini mwezi wa sita upepo ukiingia dirishani, maji ya kwenye kioo yanapoa upesi. Ziwa halina shida hiyo.

Mjomba wangu, mvuvi wa Kagunga, aliniletea samaki sita kwenye ndoo, wale wadogo wanaoishi na kuzaa ndani ya magamba matupu ya konokono.

"Mjomba, hawa ukiwakaanga wote hupati hata tonge moja," akaniambia.

Magamba niliokota mwenyewe ufukweni. Niliyasugua, nikayakandamiza kwenye kokoto kwa mstari, midomo chini, vile mama anavyotaka vikombe vikae kabatini visiingie vumbi. Yalipendeza sana. Wiki mbili nzima samaki walijibanza karibu na hita kama wanafunzi waliochelewa geti. Nikapandisha joto kidogo, nikashusha. Nikawasomea sura ya uzazi kwenye kitabu cha bayolojia, labda hawakuwa wamefika huko.

Bibi alikuwa akiwasalimu kila asubuhi kwa Kiha, "Mwakeye," na kulalamika kwamba hawana adabu, hawaitikii. Asubuhi moja akavuta kigoda, akakaa mbele ya kioo.

"Hizi ndizo nyumba zao?"

"Ndiyo, bibi."

"Mlango uko wapi?"

Nikaangalia. Midomo yote nilikuwa nimeifukia kwenye kokoto.

"Umewajengea, ukawafungia nje," akasema. "Halafu unawasomea vitabu."

Nikatoa kokoto, nikaweka mchanga, nikageuza magamba. Kabla ya adhuhuri kila mmoja alikuwa anachimba mlangoni kwake, na dume moja limejimilikisha nyumba tatu.

Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, mama akaja na sabuni na steeliwaya.

"Muda umekwisha, baba."

Akainama kuchungulia. Kwenye mdomo wa gamba moja palikuwa na vitu kama punje za ulezi, ila zina macho. Zikatoka kidogo. Samaki mama akatokea, zote zikarudi ndani.

Mama akaweka sabuni chini.

"Kama mimi nikiwakuta nyie mnacheza barabarani," akasema. Kisha akaniangalia. "Kesho beseni unabeba wewe."

Nalibeba mpaka leo, kila asubuhi kabla ya shule. Mama alisema kweli, halina hadhi.