Mji Usio na Jina

Kila chuo chetu kilipotarajia mgeni rasmi, mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Siku ya maonyesho ya maisha ya mjini, mkufunzi wetu akataka hata mawe ya kwenye mfano wetu wa mji yapakwe. Yalikuwa kokoto.

Mfano huo tuliujenga wawili, juu ya ubao. Mimi, mtu wa Bunda niliyekulia kwenye meza ya mitumba, nilishika sayansi: mteremko, mitaro, maji yapite wapi. Mwenzangu, mzaliwa wa Musoma mjini, alishika sanaa: soko la maboksi, vibanda vya makopo, ziwa la kitambaa cha bluu. Ukimwaga maji ya mkaa pale sokoni, yanafuata mtaro mpaka ufukweni, palepale ambapo, kule kwao, mama yake anachota maji ya kupikia. Alitaka mgeni aone hilo tu. Mengine yalikuwa mapambo.

"Maji machafu mbele ya mgeni?" mkufunzi akasema. "Hapana."

Nikaanza kupatana. Ndoo, akakataa. Nusu ndoo. Chupa.

"Mwalimu, hata mteja anayetaka bei ya bure hatumfukuzi hivi."

Tukashukia kikombe kimoja, kwa sharti kwamba tung'oe kibao kilichoandikwa Musoma. Nikakubali upesi, nikicheka moyoni. Kibao hakitembei, maji yanatembea. Nikajaribu kile kikombe kwa maji safi mara mbili kama kitafika ziwani. Kikafika. Mwenzangu alibandua kibao.

Mgeni alianzia shughuli Butiama, akatufikia wakati sambusa zake zimeshaliwa na wenyeji. Mwenzangu akamwaga. Maji meusi yakashuka, yakakata kona kwa wauza dagaa, yakaacha doa ziwani. Mgeni akainama kabisa.

"Ehe. Hapa ni wapi?"

Mkufunzi akamuwahi mwenzangu. "Ni mji wa kufikirika tu, mheshimiwa. Huko kwa wenzetu."

"Kumbe wana shida hao. Sisi tushukuru."

Makofi. Tukasifiwa kwa chokaa.

Mpaka leo nikiona jiwe jeupe kando ya njia natamani kulipiga teke. Yule mkufunzi alinipa kikombe akachukua mji mzima, na mimi nilikuwa nimemwambia asante.

"Wewe unajuaga kupatana," mwenzangu akaniambia polepole. "Unachouza hata hukiangalii."

Akachovya kidole kwenye lile doa, akaandika MUSOMA kwa herufi kubwa juu ya soko. Kisha akashika ubao upande mmoja, nami nikashika wa pili, tukaubeba hadi kwenye mlango wa kutokea, ambao mgeni hakuwa na namna ya kuukwepa.

Mkufunzi akaja mbio, akaninong'oneza. "Futeni hilo jina. Mwakani nitawapa meza ya mbele. Sawa? Basi na maji nitawaongezea, ndoo nzima."

Sikutaja bei.